Vyombo vya zege na vyungu vya udongo kwa bustani za maji na za kinamasi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa kuzingatia hali ya Nyanda za Juu Kusini: Mbeya, Iringa, Njombe na majirani zake, ambako mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na baridi ya Juni na Julai hubadilisha namna saruji inavyokauka na namna chungu kinavyodumu.

## Kabla ya kuanza

1. Kwa nini nisijaze maji na kupanda siku hiyohiyo?

Kwa sababu zege jipya hutoa chokaa. Saruji inapoungana na maji, sehemu yake hugeuka kuwa chokaa inayoyeyuka, na chokaa hiyo huendelea kutoka ukutani kwa wiki kadhaa. Maji yaliyokaa ndani ya chombo kipya cha zege hufika pH (kipimo cha tindikali na chokaa katika maji; 7 ni katikati, juu yake ni upande wa chokaa) ya 11 au 12, wakati mimea mingi ya maji hutaka kati ya 6.5 na 8, na huvumilia hadi 8.5. Majani huungua kingo, mizizi hugeuka kahawia, samaki hufa ndani ya saa chache.

Chungu cha udongo hakina shida hiyo. Chenyewe kina vinyweleo: maji hupenya, hutoka nje na kukauka hewani. Ndiyo maana maji ya mtungini huwa baridi, na ndiyo maana bustani ya mtungini hukauka usipoiandaa. Kwa hiyo zege linahitaji kuoshwa na udongo unahitaji kuzibwa. Wengi wanaopoteza mimea wamevitendea vyombo hivi viwili kwa namna moja.

2. Nichague zege au udongo?

Kama unataka yungiyungi na samaki wachache, chukua zege. Kama unataka mimea ya kinamasi karibu na kibaraza, chungu kikubwa kinapendeza zaidi na kupenya kwake si hasara kubwa. Ukiwa na haraka ya wiki moja, usichukue zege jipya kabisa.

3. Bustani ya maji na ya kinamasi zinatofautianaje katika chombo?

Katika ya maji, maji yanasimama juu ya udongo, sentimita 10 hadi 45. Katika ya kinamasi, udongo umelowa muda wote lakini uso wake hauna dimbwi. Aliyewahi kulima kinyungu (bustani ya bondeni penye unyevu) Iringa anaijua hali hii: ukibonyeza udongo kwa kidole, maji yanachuruzika, lakini unatembea juu yake. Chombo cha kwanza hakitakiwi kuvuja hata kidogo. Cha pili kinatakiwa kitoe maji ya ziada kwa mpango (angalia swali la 18).

4. Ukubwa gani unatosha, na kitakuwa na uzito gani?

Kwa kinamasi, kina cha sentimita 40 ni kiwango cha chini. Kwa yungiyungi, sentimita 50, na upana usiopungua 60.

Piga hesabu ya uzito kabla ya kuchagua mahali. Chombo cha duara chenye upana wa ndani wa sentimita 60, kina 50, kuta na kitako vya sentimita 5, hubeba maji lita 140 hivi. Zege lake peke yake ni kilo 170 hivi, kwa hiyo kikijaa ni zaidi ya kilo 300. Hakihamishiki tena. Kitengenezee hapohapo kitakapokaa, juu ya kitanda cha mchanga wa sentimita 5 uliosawazishwa kwa mpira wa levo. Mwinamo usiouona kwa macho utauona maji yakishajaa, upande mmoja ukifurika na mwingine ukibaki na utepe mkavu.

## Vyombo vya zege

5. Mchanganyiko uweje?

Saruji 1, mchanga 2, kokoto 3. Kwa chombo cha swali la 4 utahitaji nusu mfuko wa saruji (kilo 25), mchanga wa mtoni uliooshwa lita 35, kokoto lita 52 na maji yasiyozidi lita 12. Kokoto zisizidi milimita 10, maana ukuta wa sentimita 5 wenye waya wa kuku katikati hauachi nafasi ya mawe makubwa.

Maji ndiyo yanayoharibu kazi. Fundi akiona mchanganyiko mzito huongeza nusu ndoo ili koleo liende kwa urahisi, na kila lita ya ziada ikikauka huacha vinyweleo vitakavyovujisha. Zege la chombo cha maji linatakiwa lishikane mkononi bila kuchuruzika. Lishindilie kwa fimbo na ugonge kalibu kwa nje hadi mapovu ya hewa yaishe kutoka.

Kama utataka bomba la kutolea maji, liweke wakati wa kumwaga, si baadaye kwa patasi. Bomba la PVC (plastiki ngumu) halishikani na saruji, kwa hiyo likwaruze kwa msasa, lipake gundi ya PVC, linyunyizie mchanga mkavu, uliache likauke ndipo ulizungushie zege.

6. Mchanga mwepesi wa volkano unaopatikana Rungwe na Mbeya unafaa?

Kwa kuta za chombo cha maji, hapana. Chembe zake zina matundu ndani, zinanyonya maji na zege lake huvuja jasho. Uhifadhi kwa kuchanganya na udongo wa kinamasi, ambako wepesi huo ni faida.

7. Nimwagilie zege kwa muda gani, na je, baridi inadhuru?

Siku 7 ni kiwango cha chini, 14 ni bora, na nguvu yake kamili huhesabiwa siku ya 28. Funika kwa magunia yaliyolowa au majani ya mgomba, juu yake nailoni, na usiruhusu uso upauke hata mchana mmoja.

Baridi inachelewesha. Usiku wa Juni na Julai Njombe, Makete au Uporoto joto hushuka sana, na saruji iliyo chini ya nyuzi 10 hukomaa polepole mno. Katika miezi hiyo acha kalibu siku 3 au 4 badala ya moja, na umwagilie siku 14 bila kupunguza. Zege lililoganda kwa sakitu (umande unaoganda kwa baridi) usiku wa kwanza halitengenezeki, litavunjwa.

Septemba na Oktoba shida ni kinyume chake. Jua na upepo hukausha uso kabla ndani hakujakomaa, na hapo ndipo zinapozaliwa nyufa nyembamba kama nywele. Tungependekeza mwishoni mwa Aprili hadi Mei: hewa ina unyevu, baridi kali haijafika, na utakuwa umemaliza kuloweka kabla ya msimu wa kupanda.

8. Chokaa inaondolewaje, hatua kwa hatua?

Anza baada ya kumwagilia kukamilika. Jaza maji hadi ukingoni kabisa, juu ya mstari ambao maji yatafika baadaye, kwa sababu mvua kubwa itakuja kugusa sehemu hiyo pia. Acha siku 4 au 5. Utaona utando mweupe juu ya maji kama barafu nyembamba: hiyo ni chokaa iliyokutana na hewa. Mwaga yote, sugua kuta na kitako kwa brashi ngumu ya katani, suuza, jaza tena.

Rudia mara 4 hadi 6. Kubadilisha maji kila siku hakuharakishi sana, kwa sababu chokaa ya ndani ya ukuta inahitaji muda kusafiri hadi kwenye uso. Kuacha mwezi mzima bila kubadilisha nako hakusaidii, maana maji yakishashiba chokaa hayachukui nyingine. Siku 4 au 5 ni mwendo mzuri.

Maji ya mvua hufanya kazi hii vizuri kuliko ya kisima, kwani hayana madini na huvuta chokaa kwa nguvu zaidi. Mwenye mabati na jaba la kuvunia mvua atumie hayo.

Mwishoni jaza maji safi, acha siku 5 bila kugusa, ndipo upime. Ikiwa pH ni 8.5 au chini, panda. Ikiwa juu ya hapo, rudia.

9. Nikitumia siki, si nitamaliza kwa siku moja?

Siki inasaidia, lakini inadanganya. Changanya lita 2 za siki na lita 8 za maji, sugua kuta zote, acha saa 24, suuza. Ukipima siku hiyo utaona namba nzuri. Ukipima baada ya siku 4 utaona imepanda tena, kwa sababu siki imesafisha uso tu, na chokaa ya ndani imeendelea kutoka. Itumie kati ya mlowesho wa pili na wa tatu. Inaweza kukuokoa mlowesho mmoja au miwili, si yote.

Tindikali ya betri na ile ya kusafishia choo msizitumie. Zinakula saruji yenyewe na kuacha uso wenye vinyweleo vingi kuliko mwanzo.

10. Sina kipimo cha pH. Nifanyeje?

Karatasi za kupimia pH hupatikana kwa wauzaji wa vifaa vya maabara za shule. Usipozipata, chemsha majani machache ya kabichi ya zambarau, chuja, ongeza vijiko viwili vya maji hayo kwenye glasi ya maji ya chombo chako. Yakibaki zambarau au kuelekea buluu kidogo, uko salama. Yakiwa ya kijani, chokaa bado ipo. Yakiwa ya njano, ni nyingi sana. Weka pembeni glasi ya pili yenye maji ya mvua ili ulinganishe, kwa sababu jicho likikosa kitu cha kulinganisha hukosea kati ya buluu na kijani.

11. Maji ya kuloweka niyamwage wapi?

Barabarani, kwenye changarawe au shimoni. Usiyamwage mtoni wala kwenye mfereji unaoelekea bwawa la samaki. Usiyamwage kwenye michai pia: chai inataka udongo wenye tindikali, na chokaa huiondoa. Vaa glavu za mpira unaposugua, yanachubua ngozi.

12. Unga mweupe unaotokea nje ya chombo ni hatari?

Hapana. Ni chokaa iliyokauka. Sugua kwa brashi na siki. Ukiendelea kutokea mahali palepale tu, hapo pana ufa unaopitisha maji: nenda swali la 24.

13. Naweza kupaka rangi au kizuia maji badala ya kuloweka?

Unaweza, kwa masharti. Epoksi iliyotengenezwa kwa matangi ya maji ya kunywa huzuia chokaa kabisa, lakini inataka zege lililokauka mwezi mzima na uso usio na vumbi, na bei yake ni kubwa. Rangi nyeusi ya lami ni nafuu: pasi mbili, halafu wiki mbili za kukauka hadi harufu iishe kabisa. Rangi ya mafuta ya milangoni haifai, hubabuka ndani ya msimu mmoja, na zile za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Unga wa kuzuia maji unaochanganywa na saruji hupunguza kuvuja, hauondoi chokaa.

## Vyungu vya udongo

14. Nichague vipi chungu gulioni?

Vyungu vya Wakisi, vinavyofinyangwa Ikombe na kuuzwa gulio la Jumamosi la Lyulilo, Matema, husafirishwa hadi Kyela, Tukuyu na Mbeya mjini. Ni vyepesi, kuta nyembamba, na umbo lake limesawazishwa kwa mkono kwa namna inayostahili heshima. Vinachomwa kwa moto wa wazi usio na joto la tanuri, kwa hiyo vyote hunyonya maji, hata kile kizuri kuliko vyote.

Kining'inize kwa kidole au kikalishe juu ya kiganja, gonga kwa kifundo cha kidole. Mlio wa kengele ni mzima. Mlio mfu una maana ya ufa, hata kama huuoni. Kwaruza kitako kwa kucha: ukitoka unga, hakijaiva. Epuka chenye madoa meusi yaliyoambatana na kulainika, hapo moto haukufika.

Waambie wauzaji unataka cha bustani. Mara nyingi watakupa kikubwa kilichopinda mdomo, ambacho hakifai kupikia lakini kwako kinatosha, na kwa bei ya chini.

15. Chungu kinapunguza maji kila siku. Nikizibe kwa kitu gani?

Kwanza hakikisha kinapunguza kuliko kawaida. Jaza, weka alama ya mkaa, funika kwa sahani saa 24. Maji yakishuka kwa chini ya sentimita 1 na chungu ni cha kinamasi, kiache hivyo.

Njia rahisi kuliko zote ni kuficha ndoo au beseni la plastiki ndani yake. Maji yanakuwa kwenye plastiki, chungu kinabaki pambo, na hakuna cha kusubiri. Kwa chungu chenye mdomo mpana hatuoni sababu ya kuhangaika na njia nyingine.

Kikiwa na shingo nyembamba, piga niru ya saruji ndani. Kiloweke chungu kwenye maji usiku kucha kwanza. Kikiwa kikavu kitanyonya maji ya niru na niru itadondoka kama magamba. Koroga saruji tupu na maji hadi iwe kama uji mzito, paka pasi ya kwanza kwa brashi, funika, kesho yake pasi ya pili kwa kukatiza mwelekeo wa kwanza. Kiache na unyevu siku 7. Kumbuka sasa umeleta chokaa ndani ya chungu, hivyo fuata swali la 8, ingawa milowesho 3 kwa kawaida hutosha kwa tabaka jembamba.

Rangi ya lami inashika vizuri kwenye udongo mkavu. Usipake mafuta ya kupikia wala nta ya mshumaa. Mafuta hutengeneza utando juu ya maji, na nta huachia jua likipiga.

16. Chungu cha maua kina tundu chini. Naliziba vipi?

Panua kidogo ukingo wa tundu kwa msumari ili uwe na mkwaruzo, lowesha, bandika mkanda upande wa nje, jaza saruji 1 kwa mchanga laini 2, na utandaze kizibo hicho ndani kipite tundu kwa sentimita 3 kila upande. Kwa chungu cha kinamasi soma swali la 18 kwanza.

17. Sakitu itapasua chungu changu?

Mbeya mjini na Iringa mjini hatari ni ndogo. Makete, pembezoni mwa Kitulo na maeneo ya juu ya Njombe, ipo. Maji yaliyoingia kwenye vinyweleo hutanuka yakiganda, na chungu humenyeka nje kwa tabaka. Kizike hadi nusu ardhini, au kihamishie chini ya paa kuanzia Juni hadi Agosti, na upunguze maji robo.

## Kupanga, udongo na mimea

18. Chombo cha kinamasi kiwe na matundu wapi?

Pembeni, si chini. Toboa matundu mawili au matatu ya milimita 10 kwenye theluthi ya chini ya kimo, mfano sentimita 13 kutoka kitakoni kwa chombo cha sentimita 40. Chini ya matundu kunabaki akiba ya maji. Juu yake mvua ya Januari inatoka yenyewe bila kuozesha mizizi. Kwenye chungu tumia keke ya umeme bila kugonga, biti ya vigae, ukidondoshea maji.

Weka kokoto sentimita 6 kitakoni, simamisha kipande cha bomba la nusu inchi kilichotobolewa mwisho wa chini, mdomo wake ukitokeza juu ya udongo. Wakati wa kiangazi jazia maji kupitia bomba hilo hadi yaanze kutoka pembeni.

19. Nitumie udongo gani?

Kwa mimea ya ndani ya maji: tifutifu yenye mfinyanzi, bila samadi, bila mboji, ikifunikwa na kokoto sentimita 2 ili isielee. Kwa kinamasi: udongo wa juu 2, mboji iliyoiva 1, mchanga 1, peke yake au pamoja na ule mwepesi wa volkano.

Usichimbe tope la chanzo cha maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa, na mabonde yetu yamekwisha kuchoka vya kutosha.

20. Mimea gani inakubali hapa?

Yungiyungi: anza na maji ya sentimita 15 juu ya shina, ongeza kadiri majani yanavyorefuka hadi 40. Linataka jua la muda wa saa 5 au 6 kwa siku. Mafunjo, maua meupe ya kala na magimbi hukaa vizuri kwenye maji ya sentimita 5 hadi 10. Nanaa ni ya kinamasi, ila iwekee chungu chake peke yake, itawafunika wenzake.

Magugu maji usiyalete kabisa, hata kama yanapendeza kwenye beseni la jirani. Kipande kimoja kikifika mtoni hakuna atakayekirudisha. Okidi za mwituni nazo ziacheni zilipo. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo ilitangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua hayo, na yamekwisha kuchimbwa mno kwa ajili ya viazi vyake. Mimea inayopenda tindikali haitafurahia zege lisilopakwa hata baada ya milowesho sita; iwekee plastiki na maji ya mvua.

21. Samaki waingie lini?

Wiki 3 au 4 baada ya kupanda, pH ikiwa imetulia kwa vipimo viwili vya wiki tofauti. Maji ya bomba yenye dawa yaache wazi saa 48 kwanza. Perege wadogo 3 au 4 kwa lita 140 wanatosha. Wakikua wahamishie bwawani. Wakati wa baridi watakula kidogo sana, usiwalazimishe.

22. Mbu je?

Samaki humaliza viluwiluwi. Pasipo samaki, tumia dawa ya kibaiolojia ya viluwiluwi inayotengenezwa Kibaha, kwa kipimo cha lebo, au mwaga na kubadilisha maji kila wiki. Chombo cha kinamasi kilichopangwa kama swali la 18 hakina maji wazi. Ziba tu mdomo wa bomba kwa kipande cha chandarua.

## Matatizo na hali za pekee

23. Maji yamekuwa kijani.

Mbolea nyingi na jua jingi. Ondoa udongo wenye samadi, ruhusu majani yafunike zaidi ya nusu ya uso wa maji, na usibadilishe maji yote: kila maji mapya yanaleta chakula kipya cha ukoga.

24. Kuna ufa.

Ufa mwembamba kama unywele kwenye zege jipya mara nyingi hujiziba wenyewe kwa chokaa ndani ya wiki mbili za kuloweka. Unaopitisha kucha, uchimbe kwa patasi uwe na umbo la V kina sentimita 1, lowesha, paka niru, kisha jaza saruji 1 kwa mchanga 1. Funika siku 7, loweka tena mara mbili. Chungu kilichopasuka hadi kitakoni hakizibiki kwa maji. Kifanye cha kinamasi na plastiki ndani.

25. Nina kalavati la zamani au hori la kunyweshea ng'ombe. Naloweka pia?

Zege lililokaa nje miaka kadhaa limeshapoteza chokaa ya juu. Sugua, jaza, pima baada ya siku 5. Mara nyingi halihitaji zaidi. Kalavati halina kitako, hivyo kitako kipya utakachomwaga kinarudisha kazi ya swali la 8.

Chombo chochote kilichowahi kuchanganyiwa dawa za mashambani au kuogeshea mifugo kisitumike, kiwe cha zege au cha udongo. Dawa hiyo imo ndani ya vinyweleo na haitoki kwa kuosha.

26. Magimbi ya humo yanalika?

Kwenye zege lililolowekwa, chungu kitupu au chenye niru, ndiyo. Kwenye chombo chenye rangi ya lami, hapana.

27. Kuna watoto nyumbani.

Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji yasiyofika goti lake. Funga wavu wa nondo za milimita 6, matundu ya sentimita 5, sentimita 3 chini ya uso wa maji, ukikaa juu ya vipande vya nondo vilivyomwagwa pamoja na ukuta. Mimea hupenya na kuuficha. Au chagua kinamasi hadi watoto wakue.